Salamu Kutoka Chula

Jumatatu, 1 Februari 1999

Saa kumi kamili tawi letu la Migori wamepiga simu, modemu ikapiga makelele yake, mashine zao tano zikaungana na zetu tano. Saa moja tu kwa siku, laini inakuwa yetu. Mchezo unaenda. Niliuandika peke yangu, mwaka mzima, baada ya vipindi. Chula, yaani kisiwa kwa Kijaluo. Hakuna picha, ni maandishi matupu. Unaandika "tembea sokoni", unatembea. Unajenga nyumba, unavua, unamsalimia mtu wa Migori na wewe umekaa Homa Bay. Sijasikia mwingine Kenya hii mwenye kitu kama hiki. Acha nijisifu. Hapa hakuna anayesoma.

Mwanafunzi wangu Okeyo amechelewa tena. Ananunua omena, dagaa wa ziwani, kisiwani Remba na kuuza hapa mjini, akija chuoni kibodi inanuka samaki siku mbili. Kila siku anaandika neno lile lile: "Niko njiani, nisubirini." Dada yake Atieno, mwanafunzi wetu wa tawi la Migori, anamcheka kupitia skrini.

Jumatano, 3 Februari

Bwana Athman, mwenye chuo hiki cha kompyuta, ameketi nyuma yangu leo na kofia yake mapajani. Alikuta watu wanne tu Chula.

"Mwalimu, mji wako mbona umehamwa?"

Kuna mgeni anakuja kutoka Nairobi tarehe kumi na tisa. Akiupenda mchezo, utapelekwa Kisumu, Nakuru, Eldoret. Akikuta uwanja mtupu, laini inapewa faksi. Aliyasema kwa upole. Afadhali angefoka.

Alhamisi, 4 Februari

Nimepata dawa. Mashine huhifadhi kila neno ambalo kila mchezaji amewahi kuandika. Sasa asipokuwepo, programu inamtembeza na kumsemesha maneno yake mwenyewe ya zamani. Nimeviita vivuli. Nimewasha, kisiwa kikajaa papo hapo. Watu wanasalimiana, wanauza, wanapita.

Nimejiambia si uongo, maana maneno ni yao. Ni uongo. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 8 Februari

Wanafunzi wanagombea viti. Uvumi umefika hadi Ndhiwa kwamba kuna kisiwa kisicholala. Okeyo yuko Remba tangu Jumamosi na hakuna aliyegundua. Kivuli chake kinafika sokoni mapema kuliko yeye.

Jumanne, 9 Februari

Boti iliyotoka Remba jana asubuhi imepinduliwa na upepo. Wawili wameokolewa wakiwa wameng'ang'ania mtungi. Okeyo, aliyekuwa ndani, hajaonekana.

Nilifundisha bila kujua ninachofundisha. Saa kumi akaingia mchezoni, yaani kivuli chake. "Oimore," akawasalimu watu wa sokoni, na ndani ya Chula wakamwitikia. Kisha: "Niko njiani, nisubirini." Niliiandika programu hiyo kwa vidole vyangu, na bado niligeuka kutazama mlangoni.

Ningeweza kumtoa. Sikumtoa. Nilijiambia huenda akapatikana. Ukweli ni kwamba nilikuwa nawaza mgeni wa Nairobi.

Ijumaa, 12 Februari

Ziwa halijamrudisha. Wazee wa ukoo wamekubaliana kuhusu yago. Kwetu, aliyepotelea majini na mwili usionekane, huzikwa tunda la yago badala yake, refu na zito, ili asibaki akizurura. Kaburi litafunikwa kesho.

Saa nane simu ikalia. Atieno, anahema.

"Madam, brathe ako hai. Ameniandikia jana, tena juzi. Anasema ako njiani. Nimeshatuma mtu kwa mama, nimemwambia wasizike kitu."

Mdomo nilikuwa nao. Nikasema, "Sawa, Atieno." Basi. Najichukia.

Jumamosi, 13 Februari

Nimeenda nyumbani kwao. Kaburi liko wazi. Yago imelala mezani kivulini, imefunikwa shuka, na inzi wameizoea. Wazee wamekaa mbali. Mama yake amepika kuku. Ameweka sahani moja pembeni na kuifunika, na amewatuma wapwa wawili wa Okeyo wasimame barabarani kumpokea.

Alinishukuru. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru, kwa sababu mashine yangu imemwona mwanawe. Nilikunywa chai yake nikaondoka.

Jumatatu, 15 Februari

Foleni hadi nje ya mlango. Si wachezaji. Ni watu wa soko, wamekuja kumwona Okeyo. Mwanamke mmoja wa omena aliomba nimwandikie swali: uko wapi? Akajibu yuko njiani. Akaomba niulize tena: unasikia baridi? "Leo samaki ni wachache," akajibu. Yule mama akafunga kanga yake kiunoni akatoka. Mwanamume aliyekuwa nyuma yake akatoka mbio, akasahau kofia.

Mashine ya tatu, ambayo Okeyo alipenda kukalia, sasa haina mtu. Wanafunzi wanaona heri wasimame ukutani kuliko kuikalia.

Jumanne, 16 Februari

Leo asubuhi nimesoma kumbukumbu za Jumapili. Chuo kilikuwa kimefungwa, simu haikuunganishwa, hakukuwa na binadamu hata mmoja. Kurasa na kurasa. Vivuli vimesalimiana kutwa nzima. Oimore. Oimore ahinya. Niko njiani. Tunakusubiri. Changu kimo pia. Kimemwuliza Okeyo habari za Remba, na amenijibu.

Nimezima mashine. Nimekaa nje juani mpaka kipindi cha kwanza.

Jumatano, 17 Februari

Nimesema. Kwanza kwa wanafunzi wa hapa, nikiwa nimesimama mbele yao. Kisha nikaandika kwenye laini ili Migori wasome: Okeyo mnayemwona si Okeyo. Ni maneno yake ya zamani. Mimi ndiye ninayeyarudisha.

Maswali yakaanza kuja. Na Mary wa Homa Bay? Mashine, nikajibu, tangu wiki iliyopita. Na Ochieng'? Mashine. Nyamohanga wa Migori akaandika kwamba wiki nzima amekuwa akimweleza Mary mambo ya ndoa yake. Akatoka. Wakafuata wengine, jina moja moja. Kufika saa kumi na nusu hakukuwa na mtu hai Chula isipokuwa Atieno.

Okeyo akamsalimu. Ndipo naye akatoka.

Alhamisi, 18 Februari

Bwana Athman amempigia mgeni asije. Faksi imeshaletwa, iko ndani ya katoni mezani pangu.

"Mwalimu, ungeniambia ni wanne, ningemwambia mgeni ni wanne. Wanne ni watu."

Kesho nitaanza kufundisha kupiga chapa, kama wenzangu.

Mchana akafika mpwa wa Okeyo na ujumbe wa bibi yake, mama wa Okeyo: mazishi ni Jumamosi, na nije na maneno yake yote, hata moja lisibaki kwenye mashine.

Jumamosi, 20 Februari

Nilichapa yote, kisha nikafuta Chula nzima. Kufuta kulikwisha haraka kuliko kuchapa.

Nilidhani mama yake anataka karatasi tu. Aliniita hadi ukingoni mwa kaburi, yago ikiwa imeshateremshwa.

"Wewe ndiye uliyemweka huko. Mtoe wewe mwenyewe."

Nikasoma. Neno la kwanza lilikuwa salamu ya asubuhi. "Oyawore." Mtu wa nyuma akaitikia, kwa mazoea, kabla hajafikiri: "Oyawore ahinya." Nikasoma la pili, wakaitikia kadhaa. La tatu, uwanja mzima. Hakuna aliyepanga. Salamu haiachwi chini. Nikawa nasoma, nao wanaitikia, ukurasa baada ya ukurasa, bei za samaki, utani aliomtania Atieno.

Nikafika pale. "Niko njiani, nisubirini." Hakuna aliyejua namna ya kuliitikia neno hilo.

"Bi, wuoda," mama yake akasema. Njoo, mwanangu.

Akazichukua karatasi mkononi mwangu, zikawekwa juu ya yago, na vijana wakaanza kurudisha udongo. Baadaye Atieno aliniletea chai. Hakuniangalia usoni, lakini aliniletea.