Saa Anayompa Mungu

Jumapili, 5 Machi 1995

Mchungaji Odero leo hakupaza sauti. Aliongea polepole mpaka akina mama wa nyuma wakasogea mbele. Ati Mungu anasema nasi kila siku, ila sisi hatunyamazi. Ati kila mtu atafute saa yake ya kukaa kimya mbele za Mungu – bila kuimba, bila kuomba kitu, kusikiliza tu. Kanisa litakuwa wazi kila alfajiri. Ufunguo amepewa Syombua, yule mjane, karani wa kaunsili ya jiji, anayekaa nyuma ya nyumba zetu.

Nilicheka moyoni. Kimya, hapa Makongeni! Chumba kimoja, pazia katikati, watoto watatu, na redio ya jirani Benta inapita kama hakuna ukuta. Nikamgeukia mume wangu tucheke pamoja. Hakucheka.

“Nitaenda,” akasema.

Opicho! Mtu anayeongea habari za mpira mpaka usingizini.

Jumanne, 7 Machi

Jana alienda. Leo ameenda. Anarudi na uso laini, kama ameoshwa. Chai haikuwa na sukari na hakusema lolote.

Nikamuuliza amesikia nini huko. Akafikiria. Akasema hajui bado, ila ni kama kukaa na mtu unayemwamini, hakuna haja ya maneno.

Nilikuwa nasugua sufuria ya uji ulioungua. Wekesa mdogo alikuwa amenikojolea mgongoni. Hakuna haja ya maneno! Tangu anioe hajawahi kuniambia jambo zuri hivyo. Kisha akabeba ovaroli yake, akaenda karakana ya reli akipiga mluzi.

Mluzi!

Alhamisi, 9 Machi

Kwenye mfereji, Benta alinisogelea na ndoo yake. Akaniambia mzee wangu anaomba sana siku hizi. Na Syombua pia anaomba sana. Nikasema si kanisa zima linaenda? Akacheka. Wengi walichoka siku ya pili, mama. Wamebaki wawili.

Maji yalijaa yakamwagika miguuni mwangu, sikuona.

Ijumaa, 10 Machi

Nimemuuliza Opicho ni nani wengine wanaoenda.

“Ni Syombua tu.”

Hivyo hivyo, bila kupepesa macho! Angebabaika kidogo ningejua la kufanya.

“Mnaongea nini?”

“Hatuongei.”

Hatuongei. Yeye na Syombua wananyamaza pamoja. Sisi tukiwa pamoja ni mafuta ya taa yameisha, Triza amepoteza kiatu, dada yako anakuja lini. Lini nimewahi kunyamaza na mume wangu bila kuwa tumekosana?

Jumapili, 12 Machi

Ibada nzima sikusikia. Nilikuwa nikimtazama Syombua. Kilemba cha buluu, kimepigwa pasi. Kucha safi. Hana mtoto wa kumvuta sketi. Akatujia mlangoni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

“Mama Triza, nawe karibu asubuhi.”

“Na watoto atakaa nao nani, malaika?”

Watu wakacheka. Nilisema kwa sauti, wacheke. Syombua naye alitabasamu, lakini niliona limemwingia. Nikafurahi! Njiani Opicho alitembea mbele peke yake, amembeba Wekesa. Furaha yangu ikaisha tukifika duka la kona.

Jumanne, 14 Machi

Leo nimemfuata.

Nilimwomba Benta aniangalizie Triza na Nekesa, nikamfunga Wekesa mgongoni. Maneno nilikuwa nimeyapanga. Yote. Mengine ya aibu, siyaandiki.

Nikachungulia dirishani. Opicho yuko benchi la mbele kabisa. Syombua yuko nyuma, karibu na mlango. Kanisa zima katikati yao. Yule mama ameinama, hata hamwoni.

Ningeshukuru, si ndiyo? Ningerudi nyumbani nikiimba. Lakini nikauona uso wa Opicho. Huo uso naujua. Alikuwa nao siku aliyompakata Triza mara ya kwanza, pale wodini. Sijauona tena tangu siku hiyo. Nilidhani umeisha, watu huzeeka. Kumbe upo! Anao mzima, na kila asubuhi anaupeleka huko, mimi narudishiwa mluzi.

Hapo nikajua. Sio Syombua. Ninamwonea Mungu wivu. Nimeliandika, ndivyo lilivyo.

Wekesa akakohoa. Wote wawili wakageuka. Nikakimbia kama mwizi.

Opicho alipofika alisimama mlangoni. Akasema ningeingia tu.

“Na chai ungepikiwa na nani?” Halafu yakatoka yenyewe, mbele ya watoto: “Hiyo saa unayompa Mungu si yako, Baba Triza. Ni yangu! Wewe unakaa kimya kwa sababu mimi nimezibeba kelele zako mgongoni!”

Akaketi kitandani. Nilidhani atanipigia kelele, na nilitaka anipigie.

“Jumamosi sina zamu,” akasema. “Nenda wewe. Nitabaki nao.”

“Utaweza uji?”

“Nitaweza.”

Jumamosi, 18 Machi

Naandika hapa hapa kanisani. Najua nilipaswa kusikiliza, si kuandika, lakini mikono yangu haijui kukaa bure.

Syombua alinifungulia. Hakunisalimu kwa maneno, alinionyesha mabenchi yote, kama kusema chagua. Nikakaa mbele. Pale pale anapokaa Opicho.

Mwanzo nilisikia nyumbani tu. Uji unaungua. Nekesa ameenda barabarani. Mabati yakaanza kulia kwa jua, treni ikapita upande wa karakana. Nikajaribu kuomba, sala zote zikakataa. Likaja moja tu: Unampa mume wangu nini ambacho mimi hunipi?

Hakujibu. Nikauliza tena, kwa hasira. Nikalia, nikafuta kamasi kwa leso. Nilipomaliza kulia nikaona jambo la ajabu – muda wote huo hakuna aliyeniita Mama. Hakuna aliyetaka kitu. Na Mungu pia hakutaka kitu. Alikuwa ameniacha nikae. Mabega yangu yakashuka, kumbe yalikuwa juu siku zote hizi! Nikasema, basi ndicho hiki. Ndicho anachokuja kutafuta.

Na sasa –

Opicho yuko mlangoni. Uji umemjaa shatini. Wekesa analia mpaka anakatika pumzi, na dada zake wameshika suruali ya baba yao.

“Mama Triza,” ananong'ona. “Amekataa kila kitu.”

Sijainuka. Dakika kidogo tu, Bwana, ndio kwanza nimefika.

Syombua ameinuka. Anaenda. Amenyoosha mikono, na Opicho amempa mtoto. Wekesa amelaza kichwa begani pake, chini ya kile kilemba cha buluu, na amenyamaza. Amenyamaza kabisa! Kwake!

Mkono mmoja unaandika, wa pili umeshika benchi. Wote wawili wananitazama, wanangoja. Sijui kama nitaenda kumpokonya mtoto wangu ama nitafumba macho tena. Bwana, kama kuna neno ulilotaka kuniambia, sema sasa hivi, kwa sababu miguu yangu imeshaanza kuinuka.