Shangazi Amevua Sare ya Kwaya

Mama Mbonile, mshauri wetu wa redioni, shikamoo. Mimi ni Winifrida wa Chala, na nakuomba unisome hadi mwisho, kwa sababu jambo langu linaanza na furaha na ndiyo maana watu wakiniona nalia hawanielewi. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo nikalelewa na shangazi Monika, dada yake baba, ambaye ni kiongozi wa sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia yetu tangu sijazaliwa, na yeye ndiye aliyenifundisha kuimba tukiwa tunapalilia ulezi, akiniambia nivute pumzi mpaka tumboni, nisipige kelele za kooni kama muuza samaki wa Kabwe. Baadaye nikapata nafasi ya kusoma muziki Dar es Salaam, na huko mwalimu akaniingiza kwenye opera, yaani mchezo wa kuigiza ambao maneno yote huimbwa, na mwimbaji hatumii kipaza sauti, ni kifua chake na ukumbi tu. Mwaka huu nilikwenda Nairobi kwenye mashindano ya waimbaji vijana, nikaimba kwa Kiitaliano, na nilipomaliza ukumbi ulikaa kimya nikadhani nimeharibu, kumbe walikuwa wanainuka. Nilishinda, Mama. Na kampuni moja ya opera ya Cape Town imeniita nijiunge na waimbaji wake wachanga.

Nilirudi nyumbani kwa Pasaka miguu haigusi chini. Mwalimu wa kwaya, kaka Clemens, akaniambia wimbo wa siku hiyo wa mtu mmoja kuimba peke yake nitauimba mimi, na wimbo huo ni wa shangazi kila Pasaka, lakini nikakubali nikidhani wameshazungumza. Nikaimba, kanisa zima likapiga vigelegele, na nilipogeuka kumtafuta shangazi sikumwona. Nilimkuta nyumbani ameshavua sare ya kwaya, anaikunja. Nikamwuliza, "Shangazi, unaumwa?" Akasema, "Siumwi. Mwenye sauti amerudi. Sisi tulikuwa tunashika nafasi tu." Tangu siku ile haendi mazoezini, Jumapili anakaa benchi la nyuma, nikimwamkia anaitikia marahaba halafu basi. Baba anasema dada yake ni mkaidi, niondoke tu, wanakwaya wengine wanasema nimekuja kumfunika mtu mzima, na mimi nimefikia kujiambia bora niwaandikie Cape Town kwamba siji, nibaki hapa niimbe sauti ya chini ili shangazi arudi. Je, nitakuwa nimekosea?

*Winifrida, Chala*

Winifrida mwanangu, marahaba, na hongera. Naanza na hongera kwa sababu katika barua yako yote hujajipa hata moja.

Sasa nikukemee. Nani amekwambia shangazi yako anataka ubaki? Yeye hajasema. Ukibaki, kila atakapokusikia unaimba kwa kujibana atajua ni yeye aliyekunyamazisha, na huo si upendo, ni mzigo unaomtwika mtu aliyekulea. Haichukii sauti yako, ameipanda yeye. Kilichomuuma ni kwamba sehemu yake ilitolewa kama kiti cha mtu aliyekwenda msalani. Clemens amekosa. Na wewe ulidhani wamezungumza, lakini mlikuwa mnalala nyumba moja, mnakula sahani moja. Ungemwuliza.

Fanya hivi. Wajibu Cape Town kwanza kwamba unakwenda, kabla hujazungumza na shangazi, asije akadhani unamwomba ruhusa. Kisha mfuate peke yako, usibebe baba wala paroko. Kazi utakayomkuta anaifanya, ishike nawe. Mwombe radhi kwa jambo moja tu, kwamba hukumwuliza. Kwa kuimba vizuri usiombe radhi mbele ya mtu yeyote. Halafu mwombe muimbe pamoja kabla hujapanda basi. Akikataa, safiri hivyo hivyo, hasira ya mlezi hupoa. Ila hiyo habari ya kuimba sauti ya chini nisiisikie tena.

*Baada ya jibu hili kusomwa hewani, Winifrida alituandikia tena:*

Mama, nilimkuta uani anapeta ulezi. Nikachukua ungo wa pili, nikasema niliyopaswa kusema. Hakunitazama. Akauliza, "Cape Town umewajibu nini?"

"Nimewajibu nakwenda."

"Ungewajibu vingine ningekufukuza hapa."

Tukaendelea kupeta. Kisha akaniuliza ile sauti ya juu kabisa niliyoishikilia siku ya Pasaka nilikuwa naivutia pumzi wapi, maana yeye miaka yote anaiogopa na huwa anaipitia kwa chini. Nikamwonyesha. Akajaribu, ikakatika, akacheka, akajaribu tena, ikatoka, mpaka jirani yetu Valeria akachungulia juu ya ua kuona ni nani.

Jumapili ya kuniaga, Clemens, ambaye naye alisikia jibu lako redioni, alimwomba shangazi radhi mbele ya kwaya nzima, na tukaimba wawili. Alianza yeye, mimi nikaingia, na tulipofika pale pagumu sikumtangulia, tulipanda wote, bila kipaza sauti, mpaka waliosimama nje mlangoni wakaacha mazungumzo yao. Tulipotoka watu walikuja kunipongeza, na baba alikuwa anawapokea yeye kama vile ndiye aliyeimba. Nikamtafuta shangazi. Wasichana wa kwaya walikuwa wamemzunguka, naye anawaambia, "Huyu anaondoka kesho. Mazoezi ni Alhamisi. Anayeitaka nafasi ya kuimba peke yake aje tushindane."