Yule Aliyetembea Wengine Wakikimbia

Jumatatu, 2 Juni

Nimesali, nimewasha mkaa, nimemwosha bwana yangu Gaspard mkono wa kushoto, ule usiosikia. Chai. Halafu mazoezi. Daktari alisema atembee kila siku, la sivyo mguu utakufa kabisa. Amefika mlangoni, akarudi. Nje kuna watu.

Tangu kiharusi kimpige hajavuka ule mlango. Fundi wa magari anayejulikana mtaa mzima wa Jabe, leo anaogopa majirani.

Jumatano, 4 Juni

Tumegombana. Nilimwambia Jumapili ni Pentekoste, twende misa pamoja. "Niende nikiburuta mguu kama gari la ajali? Apana."

Nikasema Mungu hatazami mguu. Akasema, "Mungu apana. Mama Claudine wa mkaa, pale nje, anatazama."

Nilikasirika. Halafu nikacheka jikoni, peke yangu.

Ijumaa, 6 Juni

Mguu umekonda. Nimeuona nikimpaka mafuta. Sikumwambia. Naogopa. Rozari leo nimeisali kwa mdomo tu, moyo haukuwepo.

Jumamosi, 7 Juni

Hamisi amekuja na nyama ya Idi. Walifanya kazi garaji moja miaka mingi. Kwenye telefone yake kuna filamu ya zile mbio za zamani za Ufaransa, za saa ishirini na nne, ambazo Gaspard alikuwa anawasimulia wateja hata wasioulizia. Magari yamepangwa upande mmoja wa barabara, madereva upande wa pili. Bendera ikishuka, wote mbio kuyarukia.

"Ona wazungu," Hamisi akasema, "wanakimbia kama wameiba kuku!"

Gaspard hakucheka. Alikuwa anamngoja mmoja. Kijana Mbelgiji. Huyo alivuka polepole, akaingia, akafunga mkanda vizuri. Wanaokimbia hawafungi, wanakufa, na yeye alitaka watu walione jambo hilo. Akaondoka wa mwisho. Kesho yake akashinda.

Hamisi akamgeukia. "Mwenzako alitembea dunia nzima ikimwangalia. We unaogopa mama muuza mkaa?"

Nikadhani urafiki umekwisha. Gaspard akasema, "Rudisha nyuma, nione tena." Waliangalia mpaka betri ikaisha.

Jumapili, 8 Juni

Asubuhi akaomba shati jeupe. Nikamletea upesi, nisiharibu.

Tukatoka. Mama Claudine akaita toka kwenye magunia yake: "Fundi! Kumbe uko hai! Pole pole basi!"

"Mi naenda pole pole. We uza mkaa."

Watu walitupita, wakasalimu, wakaenda. Tulikuta mahubiri yamekwisha. Wakati wa matoleo watu walipanga mstari kwenda mbele, wakicheza. Nilinyoosha mkono nimpelekee sadaka yake. Akakataa. Alingoja mstari upungue, akasimama nyuma kabisa.

Wengine wote walirudi kukaa. Yeye bado alikuwa katikati ya kanisa. Kwaya ilimaliza wimbo, ikamwona, ikauanza upya.

Sasa amelala, viatu mguuni. Sijamvua.