Bibi wa Itaba na Kamera Isiyolia

Dada Mwajuma,

Salamu za Gitega. Mvua imekatika sasa hivi, na shati langu bado linanuka moshi wa maharage ya harusi.

Leo huko Itaba nimetumia ile kamera mpya isiyo na kile kioo cha kuruka ndani, kwa hiyo hailii. Kanisani raha tupu: kimya, hata padri hakugeuka. Balaa lilikuwa nyumbani kwa bwana harusi. Bibi yake mzaa baba alisimama wima, kabana pumzi, anangoja mlio. Nikapiga kumi, yeye kakauka tu.

"Mjukuu wangu, mbona hupigi? Kule Tanzania tulipokuwa wakimbizi, kamera tulikuwa tunaisikia!"

Nikachomoa ile kamera yetu ya zamani, yenye kioo. Kioo kikaruka: kacha! Akashusha pumzi, akacheka mpaka kitenge kikamteleza begani. Kicheko hicho nikakidaka kwa ile mpya, wala hakujua.

Basi, binamu uliyemwahidi ile ya zamani, mwombe radhi, haitoki. Mpya ibaki ya kanisani na ya watoto wasiotulia.

Mbusu mama hapo Muyinga. Picha zake zote tulizonazo amebana pumzi. Nikirudi, nataka moja ambayo anapumua.

Mdogo wako,
Saidi