Kikombe cha Kumi na Mbili

Embu Mjini,
Alhamisi, 7 Agosti 2025

Mpendwa dada yangu Gatwiri,

Nisamehe kwa kunyamaza tangu Pasaka. Ulinipigia simu mara nyingi nami sikuipokea, na si kwa sababu ya ugonjwa. Natumaini mko salama hapo nyumbani, na kwamba kifua cha mwanao Karimi kimepata nafuu katika baridi hii. Mimi ni mzima wa mwili. Najua unasubiri habari za hati ya shamba. Nitazifikia, ila nakuomba usome kwa utaratibu hadi mwisho.

Jumatatu nilitoka Chuka pamoja na walimu wastaafu wenzangu, jumla yetu kumi na mmoja, kuja kuutembelea mji huu na msitu ulio karibu nao. Tulizunguka sokoni, kisha tukateremka hadi Mto Rupingazi, ambao maji yake ni baridi kama ya kwetu. Veronicah, yule aliyekuwa mwalimu mkuu, alinitania kwamba natembea kama mkaguzi wa shule anayetafuta chaki iliyoibwa.

Jumanne asubuhi tulikwenda msituni. Aliyetuongoza ni mzee mmoja wa hapa aitwaye Rwamba, mtu wa maneno machache. Kabla hatujaingia alituomba jambo moja tu, kwamba tusihesabiane tukiwa ndani. Nilimjibu kwamba nimehesabu watoto wa watu kwa miaka thelathini na sita, na hakuna hata mmoja aliyedhurika kwa kuhesabiwa. Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka. Nilimkumbuka mama, alivyomwambia karani wa sensa kwamba watoto wapo, na akitaka kujua ni wangapi awatazame mwenyewe.

Ukungu ulishuka tulipokuwa katikati ya miti mikubwa. Hatukusikia ndege wala mdudu. Nilihofu kwamba mtu angeachwa nyuma, basi nikawasimamisha kwenye njia na kuwahesabu kwa kidole, kama nilivyozoea. Nilipojijumlisha, bila kumtia Rwamba, tulikuwa kumi na wawili. Nikawaita kwa majina, wakaitika, nayo majina yakawa kumi na moja. Nikahesabu tena vichwa, nikapata kumi na wawili. Veronicah alihesabu akapata kumi na mmoja, akatangaza kwa sauti kwamba hesabu ya darasa la kwanza imemshinda Murungi, na kwamba serikali inirudishe shuleni bila kiinua mgongo.

Rwamba alinijia, akaushusha mkono wangu taratibu. Aliniuliza kwetu tulizaliwa wangapi. Nikamjibu kwamba tulizaliwa wawili. Akauliza vilevile tena, kama mtu ambaye hakusikia. Nikawageukia wenzangu, nikawaambia turudi mjini.

Tulipokuwa tukirudi nilikuwa wa mwisho kwenye mstari. Gatwiri, ninakuandikia nililolisikia, silipambi. Nyuma yangu kulikuwa na mtu aliyekuwa akitembea. Niliposimama alipiga hatua moja zaidi, ndipo naye akasimama. Sikugeuka.

Mjini, tukiwa tumeshaagana na Rwamba, tuliingia hotelini kunywa chai. Niliagiza vikombe kumi na kimoja. Mhudumu alileta kumi na viwili, akavuta na kiti kingine karibu nami. Nilipomkemea alisema kwa adabu kwamba alituona mlangoni kwa macho yake, na kwamba yule mzee wa koti amekwenda kunawa mikono. Basi tukangoja, maana haifai kuombea chakula wakati mtu amekwenda kunawa. Tulingoja hadi chai ile ikafanya utando juu. Mwenzetu mmoja alikwenda kutazama kwenye sinki, akarudi akasema hapana mtu. Hapo hata Veronicah aliacha mzaha. Nilimuuliza mhudumu mzee huyo yukoje. Alisema anafanana nami, ila amekonda.

Jana wenzangu walikwenda Siakago. Mimi nilibaki, nikapita kwa wauza muguka, yale majani ya kutafuna, na kwa wapakiaji wa mchanga wanaotoka Kiritiri, nikiuliza kama kuna anayemfahamu Riungu, mtu wa Meru. Mama mmoja aitwaye Mukami aliniuliza ni nani yangu. Nilipomwambia ni ndugu yangu, na kwamba barua yake ya mwisho ilitoka Kiritiri miaka thelathini na moja iliyopita, aliwageukia wenzake akawaambia wamtazame baba huyu ameamka leo. Kisha akaniuliza, bila kucheka, muda huo wote nilikuwa nimemweka wapi.

Sasa nitakwambia nilipomweka. Mwezi wa Aprili, nilipokwenda kufungua kesi ya urithi, sikuapa kwamba Riungu amefariki, wala kwamba amepotea. Nilimwambia chifu, ambaye ni mgeni asiyetujua, kwamba marehemu baba aliacha watoto wawili, mimi na wewe. Chifu akaandika hivyo. Nami nikaapa hivyo kortini, mkono wangu ukiwa juu ya Biblia. Nilijiambia kwamba nafanya hivyo kwa ajili yako, uliyemuuguza mama peke yako, kwa kuwa kumtafuta mtu aliyepotea kungechelewesha hati. Ndiyo maana sikuweza kupokea simu yako.

Kesi itasikizwa tarehe 19. Nikinyamaza, utapata hati yako, na Riungu, akiwa hai, hatakuwa na kwao. Nikisema kweli, kesi itaanza upya, nami huenda nikashtakiwa kwa kiapo cha uongo. Nawe nyumba yako imesimama kwenye kipande ambacho baba alimkatia yeye. Hayo unayajua. Sikuandikii ili unichagulie.

Kesho wenzangu wanarudi Chuka. Nimewaambia wasiningoje, kwa kuwa Rwamba amekubali kunipeleka tena msituni asubuhi, tukiwa wawili tu. Safari hii nikisikia hatua nyuma yangu, nitageuka. Msalimie Karimi na majirani wote. Nitakapokuwa nimekata shauri, nitakuandikia siku hiyohiyo, kabla sijamwambia mtu mwingine yeyote.

Ni mimi kaka yako,
Murungi