Pongezi za Mashineni

Jumapili, 8 Juni
Nimechaji simu za Mbaha nzima kwa sola yangu moja. Shule niliikimbia kidato cha pili, lakini walimu wenyewe wananiletea simu zikiwa zimekata roho. Wananiita mtaalamu. Hawajakosea.

Mchana wamekuja wazee wawili kutoka Ukata, kumposea Osmund dada yangu Imelda. Osmund analima kahawa, mpole mpaka anaudhi, ila dada kampenda kweli. Mama kasema jibu litatoka kwa baba mkubwa wa Ngumbo, kaka wa marehemu baba. Mimi nikawapiga picha wageni wakila usipa, dagaa wetu wa ziwani. Stetasi: "Dada kapata mume! Karibu shemeji Osmund." Mioyo imemiminika. Mji wote unaangalia kwangu.

Jumatatu, 9 Juni
Balaa. Baba mkubwa kaenda mashine ya kusaga, watu wakampa mkono. Hongera mzee, umepata mkwe. Yeye hajui kitu! Mama ndiyo kwanza alikuwa anajifunga kitenge aende kumwambia.

Baba mkubwa kamwagiza bodaboda: "Kama mmeshajibu, mimi wa nini? Sikai." Asipokaa kikao, hakuna jibu. Bila jibu hakuna ndoa.

Stetasi nimeifuta. Wambea walishaihifadhi. Dada kaniambia neno moja tu: "Umeniuza."

Jumatano, 11 Juni
Dada ananiwekea ugali bila mboga na kugeuka. Usiku namsikia analia. Osmund kapiga: wazee wake wanauliza ile picha ndiyo jibu, au ni dharau. Wakiona dharau watamtafutia mwingine hukohuko. Nimemwambia chaji inaisha, nikakata. Mimi!

Naogopa. Bora niandike humu, hakuna wa kunicheka.

Alhamisi, 12 Juni
Nimekwenda Ngumbo peke yangu. Shikamoo yangu ilitoka kama ya mtoto.

"Marahaba, redio. Simu unayo?"

Ninayo, baba mkubwa.

"Iweke hapo chini. Ituambie kilichokuleta."

Nikaiweka. Tukaitazama. Mjukuu wake akacheka, akafukuzwa. Mwishowe nikasema mwenyewe, kwa mdomo, toka wageni walivyobisha hodi. Akasikiliza kama hajawahi kusikia popote. Akauliza maswali. Kijana ana mashamba? Anakunywa? Dada mwenyewe kasemaje? Hilo la dada kaniuliza mara mbili.

Atakuja Jumamosi. Ila jibu nitalipeleka mimi, na Ukata walisikie kwanza. "Nikipongezwa tena mashineni kabla yao, mahari sipokei."

Jumamosi, 14 Juni
Kaja. Wamejifungia ndani na mama, halafu dada akaitwa. Nikaitwa wa mwisho.

Jibu ninalo. Hata humu siandiki.

Jumapili nilijiona fundi wa habari. Leo kichwa kinauma kwa neno moja. Wateja wa kuchaji wanachokonoa: "Shemeji yetu vipi, pilau lini?" Kuna mmoja kaapa dada kakataliwa. Nilitamani nimjibu mbele za watu, anyamaze. Nimemeza. Nimezima data kabisa. Dada alikuwa mlangoni ananiangalia midomo.

Jumatatu, 16 Juni
Ukata. Baridi, sweta nimesahau. Pale stendi Mbinga nilikutana na jamaa watatu wa kwetu, wote na swali lilelile. Nikawaambia naenda kununua betri.

Mama yake Osmund alikuwa anageuza kahawa kwenye kichanja. Hakuniuliza kitu. Kanipa maji, kanipa viazi, kamtuma mtu shambani kumwita Osmund na baba yake. Nikasubiri mpaka wote wakae. Osmund alikuwa na udongo mpaka kwenye magoti, hathubutu kunitazama.

Nikasema: baba mkubwa anawasalimu. Amekaa, dada ameulizwa, amekubali. Mje.

Osmund akainama. Mama yake akafuta mikono kwenye kanga.

"Rudia, mwanangu."

Nikarudia. Safari hii polepole, na vizuri zaidi.