Kaka Alimlilia Mama Aliye Hai

Shangazi Sauda,

Naomba unisikilize hadi mwisho ndipo unigombeze, maana jambo hili limenizidi akili na hadi leo nikilifikiria mwili unanisisimka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mpuguso, kaka yangu Ambindwile anasoma Uingereza, na tangu kijana mmoja, Lusungu, afungue duka la intaneti pale Tukuyu tunaandikiana kwa baruapepe, nami kila Jumamosi hukaa mbele ya kompyuta nikistaajabu kwamba neno ninaloliandika hapa mvua ikinyesha analisoma kule muda uleule. Miezi miwili iliyopita ikaja barua ya Kiingereza ikisema sanduku langu la barua litafungwa nisipolihakiki, nikabonyeza walipoelekeza, ukatokea ukurasa sawasawa na ule niuzoeao, rangi zilezile, nikaandika jina na neno langu la siri. Lusungu alishanionya, "Mwalimu, barua za namna hiyo futa tu," lakini niliogopa kupoteza barua za kaka.

Wiki mbili baadaye simu ya jirani ikalia, ni kaka, analia kama mtoto, anauliza, "Tulia, mama mmeshamzika?"

Shangazi, mama alikuwa mbele yangu anamenya ndizi! Kumbe mtu nisiyemjua aliingia kwenye barua zangu, akazisoma zote, akajua mama anaumwa miguu, akajua kaka namwita Ambi, kisha akamwandikia kama mimi kabisa kwamba mama amefariki, atume fedha za msiba kwenye akaunti fulani, naye kaka akatuma karo yake yote kupitia kompyuta bila kutoka chumbani.

Nikampa mama simu. Akamsalimu kwa lugha yetu, "Ugonile, Ambindwile. Ni mimi." Kisha tukamsikia kaka akimshukuru Mungu kwa Kinyakyusa, na sote tuliokuwepo tukasimama bila kuambiwa.

Sasa wajomba wanasema mwizi ni Lusungu kwa kuwa kompyuta ni zake, kaka akirudi Desemba watampeleka kijana huyo polisi, na watu wameanza kulikwepa duka lake. Sijamwambia mtu kwamba neno la siri nililitoa mwenyewe. Nifanyeje?

Tulia, Mpuguso

Shangazi Sauda anajibu:

Pole sana, Tulia. Nimeisoma barua yako mara mbili. Ni wangapi waliomlilia mama yao kisha wakaisikia sauti yake? Mshukuruni Mungu.

Lakini usijifiche nyuma ya maajabu. Mwizi huyo hakuwa na uchawi wowote. Alikuomba ufunguo, ukampa, na ulikuwa umeonywa! Mwalimu mzima!

Leo hii badilisha neno la siri, na hilo jipya asilijue hata mumeo. Ambindwile aiarifu benki yake upesi. Akizidi kuchelewa, matumaini yanapungua. Barua ikikutisha kwamba utafungiwa, usibonyeze kitu ndani yake. Andika mwenyewe anwani unayoijua. Na nyumbani kwenu habari ya kifo au ya fedha isiaminiwe hadi mtu asikike kwa simu.

Lusungu je? Kijana alikuambia ukweli, nawe unamwacha aitwe mwizi. Usisubiri Desemba. Waite wajomba, nendeni pamoja na mama mpaka dukani, useme mbele ya wateja. Wala usianze na "shetani alinipitia." Anza na "ni mimi."